Likizo ya Ziwani na Milimani: Yanayopaswa Kuulizwa Kabla ya Kulipa

Mazungumzo na walaji wa Iringa na Mbeya



Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya likizo, na huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini watu wa elimu ya mlaji, waliozoea kusema juu ya mizani, mbegu na bidhaa bandia, wajishughulishe na starehe za watu. Jibu letu ni kwamba likizo siku hizi inauzwa. Zamani mtu wa Iringa aliposema anakwenda kupumzika, alikwenda kwa mjomba wake Kalenga au kwa shangazi Mufindi. Alibeba sukari na sabuni, akarudi na maharage, wala hapakuwa na mkataba. Leo vikundi vya walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa sokoni na vijana wa kanisani hununua kifurushi: usafiri, malazi, chakula, boti, mwongozaji, na mara nyingine hata kupiga mbizi, vyote kwa bei moja inayolipwa mapema. Na kitu kinacholipiwa kabla hakijaonekana ndicho ambacho mlaji hudhulumiwa kwa urahisi zaidi.

Tuanze na kisa kimoja, ambacho wahusika wake tumewaficha. Kikundi cha akina mama kumi na wanne wa mjini Iringa, wanaochangiana kila Jumamosi, walijiwekea akiba tangu Januari ili mwezi wa Agosti waende Matema, kule Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwandaaji wa safari aliwatumia picha kwenye simu: mchanga mweupe, boti yenye paa, watu waliovaa miwani ya majini, na uwanda uliojaa maua. Walituma fedha yote kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi. Siku ya safari gari lilikuja, na Matema walifika. Lakini nyumba ya wageni haikuwa na habari zao. Boti ilikuwa mtumbwi wa mvuvi uliokodiwa asubuhi ile ile, bila jaketi okozi hata moja. Ziwa lilikuwa limechafuka. Na maua ya Kitulo, waliyopelekwa kuyatazama wakati wa kurudi, yalikuwa yamekwisha miezi kadhaa iliyopita. Mmoja wao alituambia kwamba hakudanganywa juu ya kuwapo kwa Matema. Matema ipo, na ni nzuri kuliko picha. Alidanganywa juu ya mengine yote.

Tutakirudia kisa hiki mara kwa mara, maana ndani yake mna karibu kila jambo tunalotaka kulisema.

La kwanza ni majira. Hapa Nyanda za Juu Kusini ziwa na maua havikubaliani. Uwanda wa Kitulo, ulio juu kiasi cha mita 2,600 na uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huchanua wakati wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili hivi. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na mwezi wa Februari jina hilo halina chumvi yoyote. Mwezi wa Julai utakuta majani makavu na baridi ya kugandisha umande. Kwa upande mwingine, Kyela katika miezi hiyo hiyo ya maua hupata mvua nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi yetu. Mito hufurika, barabara za udongo huharibika, na maji ya ziwa karibu na midomo ya mito hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Anayekuuzia maua na kupiga mbizi katika safari moja ya Agosti, ama haijui nchi hii, ama anaijua vizuri sana.

Si kwamba kiangazi chote kinafaa. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini huvuma juu ya ziwa lenye urefu unaozidi kilomita 500, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa, ambako mawimbi hayo yote huishia. Wavuvi wanalijua jambo hili tangu utotoni. Ukiwauliza, watakuambia kwamba Septemba, Oktoba na mwanzo wa Novemba ziwa hutulia, maji huwa maangavu, na mwenye miwani ya majini humwona samaki kabla samaki hajamwona yeye. Basi swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei. Liwe hili: mwezi huo tunaokwenda, ziwa liko katika hali gani, na kama halifai siku hiyo, mtatupa nini badala yake? Jibu liandikwe.

Hapa tuseme neno kuhusu kupiga mbizi kwenyewe, kwa kuwa watu wengi hudhani ni mchezo wa Zanzibar na Mafia tu. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi za kila namna waishio kwenye miamba, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Chini ya milima ya Livingstone, kutoka Matema kuelekea Ikombe, miamba huanzia ufukweni na kushuka mara moja kwenye kina. Mtu anayeelea juu ya maji akiwa na miwani na bomba la kupumulia huona mengi bila kuzama hata kidogo, na kwa familia nyingi hilo latosha. Kama hamjapata kuona mandhari hayo, tunawahimiza mkayaone. Lakini anayetaka kuzama akiwa na mtungi wa hewa mgongoni anaingia katika jambo lenye kanuni zake, na kanuni hizo ziwani si zile za baharini.

Tusikilizane hapa taratibu, kwa kuwa ndipo penye hatari ambayo watu wachache wameisikia. Mtu anapopumua hewa ya mtungi chini ya maji, mgandamizo huifanya naitrojeni iliyo katika hewa ile iyeyuke katika damu na nyama za mwili. Akipanda polepole, naitrojeni hutoka kwa kupumua. Akipanda kwa haraka, hutokea kile kinachotokea unapofungua chupa ya soda iliyotikiswa: mapovu. Mapovu hayo katika viungo huleta maumivu makali. Katika uti wa mgongo au ubongo huleta kupooza na hata kifo. Wapiga mbizi wanalijua hilo. Wasilolizingatia wengi ni kwamba kupanda hakuishii kwenye uso wa maji. Uso wa Ziwa Nyasa wenyewe uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya kupiga mbizi, yaliyotungwa kwa ajili ya bahari, huhitaji kurekebishwa kuanzia mita 300. Kisha mtu anatoka majini saa tisa alasiri, anapanda gari, anapita Tukuyu, anavuka safu ya Poroto mahali palipo juu ya mita 2,000, na kabla ya saa tatu usiku yuko Mbeya anakula wali. Kwa mwili wake safari hiyo yafanana na kupanda ndege muda mfupi baada ya kuzama.

Wataalamu wa usalama wa wapiga mbizi hushauri mtu asiruke kwa ndege kabla ya saa 12 baada ya kuzama mara moja, na kabla ya saa 18 kama alizama mara kadhaa au kwa siku mfululizo; na aliyezama kwa namna inayomlazimu kusimama njiani wakati wa kupanda angoje zaidi ya hapo. Sisi tunasema barabara ya Kyela hadi Mbeya ihesabiwe vivyo hivyo. Kwa hiyo ratiba isemayo kwamba mtazama asubuhi ya siku ya mwisho na kulala Mbeya usiku huo huo ni ratiba mbovu, hata kama ina nembo na muhuri. Ikataeni. Siku ya mwisho iwe ya kutembea, ya kuangalia soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, ya kula mbasa, ya kulala kivulini. Kuzama kuishe siku iliyotangulia.

Mengine ya majini tutayapitia kwa ufupi. Maji baridi hayakuinui kama yale ya chumvi, hivyo aliyejifunza Unguja akafunga kiunoni risasi zile zile alizozoea atazama kwa kasi asiyoitarajia. Mtungi wa hewa huwa na tarehe iliyogongwa karibu na shingo, inayoonyesha ulipopimwa nguvu mara ya mwisho. Kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miaka mitano, na ukaguzi wa ndani kila mwaka. Iombeni tarehe hiyo. Hewa yenye harufu ya mafuta ya mashine isipumuliwe hata kwa dakika moja. Mwalimu aonyeshe cheti chake, na asiyekuwa na cheti chochote asikubali kupelekwa zaidi ya kina kifupi, tena akiwa na mwalimu ubavuni mwake. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito wasizame. Mwenye mafua angoje. Na kabla ya kulipa, mwulizeni mwandaaji kwa maneno haya haya: mgonjwa akitoka majini na ganzi miguuni, mnampeleka wapi, kwa gari lipi, na chumba cha tiba ya mgandamizo kilicho karibu kinachofanya kazi ni kipi? Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, nayo ni juu mlimani. Asiyekuwa na jibu la swali hilo hana haki ya kuuza kuzama.

Kichocho nacho kipo ziwani, na hatusemi hivyo ili kuwatisha. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia, hasa penye magugu na karibu na makazi ya watu, na hupenya ngozi bila kuuma. Kwenye miamba iliyo mbali na kijiji hatari hupungua lakini haiishi. Jifuteni vizuri mara mtokapo majini, kisha nendeni mkapime majuma sita hadi kumi na mawili baada ya safari, maana mkipima mapema kipimo huweza kukosa kuuona ugonjwa. Dawa ipo na hutibu. Vilevile wenzetu wa Iringa na Makete wakumbuke kwamba wanashuka kutoka kwenye baridi kwenda kwenye mbu, na kwamba mwili wa mtu wa milimani hauna mazoea na malaria ya Kyela. Chandarua kitajwe katika mkataba wa malazi. Ama mamba, kaeni mbali na mdomo wa Mto Lufilyo; wenyeji wenu watawaonyesha, na neno lao katika hilo lizidi neno la mwandaaji.

Sasa tuje kwenye boti, kwa sababu nchi hii imezika watu wengi mno waliopanda chombo ambacho hakikupaswa kuondoka. MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018: hatuna haja ya kueleza zaidi. Kwa vyombo vidogo vya utalii mambo ya kuangalia ni machache, na mtu yeyote anaweza kuyaangalia akiwa amesimama mchangani. Je, kuna jaketi okozi kwa kila abiria, la kumtosha, pamoja na madogo kwa watoto? Je, idadi ya abiria imeandikwa, na mmehesabiwa? Je, chombo kina cheti cha ukaguzi kutoka TASAC? Je, nahodha ameupata utabiri wa siku hiyo wa Mamlaka ya Hali ya Hewa? Mtumbwi wa mvuvi si kitu cha kudharau, na mvuvi wa Matema analijua ziwa kuliko sisi sote. Lakini mtumbwi ulitengenezwa kwa ajili ya nyavu na watu wawili wanaojua kuogelea, haukutengenezwa kwa ajili ya akina mama kumi na wanne wenye mikoba. Wale wa kisa chetu walikataa kupanda. Walikaa ufukweni wakiitazama fedha yao ikielea, nasi tunawapongeza.

Tumesema waliokaa ufukweni walifanya vyema. Lakini fedha yao? Hapa ndipo penye kazi yetu hasa.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako watu wengi huenda kuzama katika pwani za miamba za Corsica au Croatia, upo utaratibu uliowekwa mwaka 2015 unaosema kwamba auzaye kifurushi cha safari anawajibika kwa kila huduma iliyomo, hata ile inayotolewa na mtu mwingine, na sharti awe na dhamana ya kuwarudishia wasafiri fedha yao akifilisika. Mlaji wa huko hahangaiki kumtafuta mwenye boti. Sisi kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka afanyaye biashara ya utalii awe na leseni. Hizo ni silaha nzuri, lakini silaha huhitaji risasi, na risasi ya mlaji ni maandishi.

Basi kabla ya kutuma shilingi moja, ombeni kuona leseni ya biashara ya utalii, na msiridhike na picha yake kwenye simu. Soma jina lililomo, kisha ulinganishe na jina linalotokea unapoanza kufanya muamala. Mwenye biashara halali ana Lipa Namba au akaunti ya benki yenye jina la biashara. Likitokea jina la mtu binafsi, simamisha muamala pale pale. Ada za hifadhi za taifa hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na mlipaji anaweza kuiomba aione. Anayekuambia umpe fedha taslimu naye atalipa getini anakuomba umwamini bila sababu. Mtanzania hulipa ada ndogo sana kuliko mgeni, mradi awe na kitambulisho, kwa hiyo ukitozwa bei usiyoielewa uliza imetoka wapi. Na risiti iwe ya mashine ya EFD, si karatasi iliyochanwa daftarini.

Msilipe yote. Hili watu hulisikia na kulisahau, kwa sababu mwandaaji husema nafasi zinakwisha. Nafasi za Matema haziishi hivyo. Malipo ya awali ya kiasi kidogo, sehemu kubwa siku ya kuondoka, na salio mkiisha kuona malazi: mgawo huo ni wa haki kwa pande zote mbili, maana mwandaaji naye hununua mafuta na hulipa nyumba ya wageni mapema. Nasi tumewahi kuona vikundi vilivyojiondoa usiku wa kuamkia safari na kumwachia mwandaaji mwaminifu hasara tupu. Andikeni mapema nini kitarudishwa mkijiondoa majuma mawili kabla, na nini kitarudishwa mkijiondoa siku mbili kabla.

Pigeni simu kwenye nyumba ya wageni nyinyi wenyewe. Ni dakika tano. Tafuteni namba yao kwa njia nyingine, msiitumie ile mliyopewa na mwandaaji, kisha ulizeni kama kuna chumba kilichowekwa kwa jina la kikundi chenu. Kama akina mama wale wangalifanya jambo hilo moja, yasingewapata waliyoyapata. Vivyo hivyo kwa gari: kilomita zaidi ya 300 kutoka Iringa hadi Mbeya kupitia Mafinga na Makambako, kisha mteremko mrefu hadi Kyela, si njia ya gari lenye dereva mmoja aliyekesha. Ulizeni kibali cha LATRA cha kukodisha, na ulizeni nani atakayempokea dereva usukani.

Kwa wale ambao likizo yao ni ya milimani tu, ya kupanda Rungwe yenye mita 2,960 au kushuka kwenye Ziwa Ngozi, tuna neno moja. Bei ya mwongozaji ipatanwe kabla hamjaondoka, tena ielezwe kama ni ya kikundi au ya kila mtu. Ugomvi mwingi unaoletwa kwetu kutoka njia hizo huanzia kwenye neno hilo dogo. Njia ya Ngozi huteleza hata kiangazi, na ukungu huingia baada ya adhuhuri, kwa hiyo mwongozaji anayetaka muondoke saa nane mchana hafai.

Tumalizie kisa chetu. Akina mama wale walitujia siku nne baada ya kurudi, na kwa bahati njema hawakuwa wamefuta chochote. Walikuwa na ujumbe wa simu wenye maneno "boti ya kisasa na malazi yaliyothibitishwa", kumbukumbu za miamala yote kumi na minne, picha ya mtumbwi yenye tarehe, na jina na saini ya mhudumu wa nyumba ya wageni aliyethibitisha kwamba hakuna chumba kilichowekwa. Mwandaaji alipoitwa na kuonyeshwa hayo hakubisha sana. Fedha ya malazi na ya boti ilirudishwa kwa awamu tatu. Fedha ya Kitulo haikurudi: alikuwa ametuma picha tu, bila neno, na akashikilia kwamba aliahidi kuwafikisha uwandani na aliwafikisha. Hatukuwa na maandishi ya kumjibu.

Wamepanga kurudi Matema mwezi wa Oktoba. Safari hii wamechanga nauli ya basi ya mwenzao mmoja ili atangulie, alale usiku mmoja, na ahesabu majaketi okozi kwa mkono wake.